Kamera Iliyokwaruza Nyumbani Tu

Kelele zilipoanza, Muthoki alidhani ni mumewe anasafisha koo.

Walikuwa wameketi sebuleni, yeye na Mzee Ndete na jirani yao Nabalayo, wakitazama kanda waliyoirekodi wenyewe mchana ule. Kwenye televisheni Mzee Ndete alikuwa amekaa wima kwenye kochi, suti ya kahawia, tai imefungwa vizuri kuliko siku ya arusi yake, midomo inakwenda. Maneno sasa ndiyo hayakutoka. Kilichotoka ni krrr, krrr, krrr, kama mtu anatafuna bisi ndani ya sikio lako, na nyuma kabisa ya hizo krrr sauti ya mzee inakuja na kupotea, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto uliofurika.

"Baba Mwanzia, ulikuwa unakohoa?" Muthoki akauliza.

"Nikohoe nini? Nilikuwa naongea. Si wewe uliyeishika hiyo mashine?"

"Nilikuwa nimeishika."

"Basi uliishika vibaya."

"Kamera inashikwa vibaya vipi? Si picha hiyo unajiona?"

Nabalayo akasogeza kiti karibu na televisheni, akainamisha kichwa kama daktari. "Hiyo ni posho mill," akasema. "Ile ya kusaga unga, nyuma ya maduka. Hata kwangu saa zingine vikombe vinatetemeka."

Muthoki alikuwa bado anatazama televisheni. Alikuwa amemtazama mumewe akisema maneno yale, jicho lake likiwa kwenye kitundu cha kamera, na aliona vile machozi yalimtoka mwishoni bila yeye kujua. Mzee Ndete si mtu wa kulia. Alikuwa dereva wa lori miaka yote ya nguvu zake, na watu wa lori hulia kwa ajili ya breki tu. Machozi yenyewe yalionekana vizuri pale kwenye televisheni. Kilichomtoa machozi ndicho hakikusikika.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwanzia, kifungua mimba wao, alikuwa Uingereza, na mwezi wa sita mkewe alijifungua mtoto wa kiume. Jina halikuwa na mjadala: kifungua mimba wa kiume ni wa babu yake, kwa hiyo huyo ni Ndete. Lakini katika nyumba ya kina Ndete jina halitolewi hivi hivi tu kama chanjo. Mwenye jina akiwa hai, ni lazima yeye mwenyewe awe wa kwanza kumwita mtoto, kwa sauti, na kumwambia jina hilo limetoka kwa nani. Kabla ya hapo mtoto anaitwa mgeni. Mgeni amelala, mgeni ameamka, mgeni anataka kunyonya. Mwanzia, pamoja na kusoma kwake kote na theluji yake yote, alikuwa bado anamwita mwanawe mgeni.

Kuja hawangeweza kwa sasa. Kwenda, Mzee Ndete miguu ilikuwa inavimba, na daktari aliposikia neno ndege alitikisa kichwa kabla hajaulizwa. Ndipo Mwanzia akampa Khalayi, binti ya Nabalayo, ambaye ni muuguzi huko na alikuwa anakuja nyumbani kwa Krismasi, kamera ya video ya kushika kwa mkono, ndogo, yenye kanda zinazotoshana na kiberiti kikubwa. Mwambie Baba amwite huyu mtoto, akasema. Khalayi alikuwa arudi Jumamosi, na kanda ndani ya mkoba wake. Kanda isipokuwa tayari, mgeni angebaki mgeni, na Mzee Ndete hakuwa mtu wa kuambiwa asubiri mwaka mwingine. Hilo hakuna aliyelitamka pale nyumbani, lakini kila mtu alilikanyaga kila alipovuka sebule.

Khalayi aliwaonyesha vitufe, akawarekodi wakicheka, akawachezea ile kanda: safi kabisa, hata kijiko kilisikika kwenye kikombe. Kisha akatoa onyo moja tu kabla ya kwenda Bungoma kuaga jamaa.

"Mama Mwanzia, ni vumbi tu. Vumbi likiingia humo ndani, hiyo imekufa."

Na mtaani kwao Komarock mwezi wa kwanza ni vumbi la kusombwa kwa beleshi. Upepo unalitoa kwenye machimbo ya mawe huko Kayole, unalileta mpaka kwenye sufuria. Lakini Muthoki alikuwa na dawa ya vumbi tangu aolewe. Hakuna kitu katika sebule yake kilichokaa uchi. Televisheni ilikuwa na kitambaa chake cha kufumwa, redio chake, kila kochi chake cha mgongoni na viwili vya mikononi, na chupa ya chai ilivaa sketi. Kamera ingeachwaje? Akatoa sindano yake ya ndoano na uzi mweupe wa nailoni, akaifumia sweta. Ilikuwa na vifungo chini, tundu la jicho mbele, tundu la kidole kwenye kitufe, na ukingoni kuzunguka jicho akaweka shanga ndogo za bluu ili uzi ukae vizuri usipeperuke. Nabalayo alipoiona alipiga makofi. Hata Mzee Ndete, ambaye huwa hasifu, alisema, "Hiyo sasa imekuwa ya watu."

Basi asubuhi baada ya zile krrr, Muthoki aliivua kamera ile sweta, akaikunja sweta na kuiweka kwenye droo, kwa sababu mikono ya mafundi anaijua, akaifunga kamera kwenye leso na kuitia kwenye kiondo. Akashika njia mpaka kwa Omolo, fundi wa redio na televisheni mwenye kibanda karibu na soko.

"Mathe, sasa," Omolo akamsalimu.

"Mathe ni mama yako. Mimi ni Mama Mwanzia."

"Pole, Mama Mwanzia. Nini inasumbua?"

"Inakwaruza. Mtu akiongea yeye haongei, inaongea yenyewe."

Omolo akaifungua kwa bisibisi nyembamba kama sindano ya kushonea. Akachovya pamba kwenye spiriti, akapangusa kichwa kinachosoma kanda, akapuliza, akafunga. Akajirekodi mwenyewe: "Moja mbili. Moja mbili. Mimi Omolo mtu wangu." Akaunganisha nyaya kwenye televisheni aliyokuwa ameivua mgongo, na sauti ikatoka kama amesimama ndani yake. Moja mbili. Safi. Kisha akatia kanda ya Muthoki. Krrr, krrr.

"Basi umeona," akasema Omolo, amefurahi. "Mashine ni nzima. Kanda ndiyo mbovu."

Muthoki akarudi na kanda mpya. Akaivisha kamera sweta yake, akamvisha mumewe koti lake. Mzee Ndete akasema tena, ingawa si yote. Ile hadithi ya Ndete wa kwanza, babu yake, aliyetembea na ng'ombe mpaka Makindu kutafuta maji na kurudi nao wote hai, mara ya kwanza ilikuwa ndefu, na ng'ombe walikuwa na majina. Safari hii ng'ombe walikwenda na kurudi bila majina. Wakatazama. Krrr, krrr, krrr.

"Kesho mwambie huyo fundi anirudishie mate yangu," akasema Mzee Ndete, akalegeza tai.

Omolo safari hii alikuna kichwa. Aliifungua zaidi, akatoa ukanda mdogo wa mpira unaozungusha kanda, akauvuta, akasema umelegea, akaweka mwingine. Akaisikiliza mota kwa sikio lililogusa kabisa. "Kuna kamlio humu," akasema, "lakini kila mashine ina kamlio kake, kama friji. Hako si ka kufunika mtu." Akajaribu. Moja mbili. Safi. Akamrekodi Muthoki mwenyewe akisema jina lake, na Muthoki akajisikia, akaona haya kama msichana.

Nyumbani, krrr.

Hapo ndipo akili ya Muthoki ilipoanza kuzunguka. Kwa fundi inaongea, nyumbani inatafuna bisi. Alijaribu kila alichoambiwa. Nabalayo alisema posho mill, wakangoja ifungwe, krrr. Mzee Ndete alisema ni friji, wakaing'oa kwenye umeme, maziwa yakachacha, krrr. Mama mmoja wa kanisani, alipopita kuwajulia hali, aliangalia juu ya dari akasema polepole kwamba kuna nyumba zina mambo, na Muthoki akamkaribisha chai ili anyamaze. Walikaa chumbani, wakakaa jikoni, wakatoka nje kwenye kamba za nguo. Kila mahali ilikuwa safi kwa macho na chafu kwa masikio.

"Wewe nenda na mzee kwa huyo fundi," Nabalayo akashauri. "Aongelee huko huko."

Mzee Ndete alimgeukia Nabalayo. "Mama Khalayi, jina la babu yangu nikaliite kando ya barabara, kati ya maiti za redio? Mtoto aulize siku moja, babu alinipa jina wapi, aambiwe kwenye kibanda cha waya?"

"Nimekoma, Mzee."

Kisha akasema jambo lililomuuma Muthoki kuliko lile krrr lenyewe. Alisema akiangalia miguu yake. "Labda ni mimi. Labda sauti ya mzee hizi mashine haiziingii. Zimetengenezewa vijana."

Muthoki alinyakua kamera, akamrekodi Nabalayo akiimba pambio, akaicheza. Krrr, krrr, na Nabalayo anapanua mdomo bure.

"Umeona?" akamwambia mumewe. "Na huyu ana sauti ya kuamsha estate nzima. Si wewe."

Mzee akacheka kidogo. Lakini jioni hiyo alipoombwa ajaribu tena, alisema, "Hujambo. Ni mimi," akanyamaza. Maneno yalikuwa yamekauka.

Ijumaa Omolo akaja mwenyewe. Hakuitwa; alikuja kwa sababu kazi isiyoeleweka ilikuwa inamnyima raha. Alikuja na mfuko wa vyuma na visikizio vyake vyenye sifongo, vya kuvaa kichwani, ambavyo ukivichomeka kwenye kamera unasikia kile inachosikia, wakati huo huo, bila kungoja kanda irudishwe. Nabalayo naye alikuwapo, amepika mandazi kwa ajili ya safari ya binti yake, mikono bado ina unga.

Kamera ilikuwa juu ya meza, imevaa. Omolo akaipindua mara mbili.

"Na hii ni nini?"

"Ni sweta yake," akasema Muthoki. "Ya vumbi."

"Imevaa kuliko mimi," akasema Omolo, akafungua vifungo, akaiweka sweta kando kama fundi yeyote anavyoweka kando kifuniko cha kitu anachotaka kukitazama. Akachomeka visikizio, akasikiliza, akamwambia Mzee aseme neno.

"Neno."

Omolo akarekodi, akacheza kwenye televisheni. "Neno," ikasema televisheni, wazi, kwa sauti nzito ya Mzee Ndete.

Nabalayo alipiga kigelegele mandazi yakaruka. Mzee Ndete akainuka nusu. Omolo akatazama huku na huku kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaogopa mwenyewe atatokea. "Sijafanya kitu," akasema. "Wallahi sijafanya kitu."

"Usiseme hivyo, itasikia irudie," akasema Nabalayo.

Basi haraka haraka, suti, tai, mafuta usoni. Muthoki akapangusa meza, akafungua dirisha kupata mwanga, na kwa vile dirisha lilikuwa wazi na upepo unaleta vumbi, akaivisha kamera sweta yake, akafunga vifungo vyote. Akaishika. Mzee akasafisha koo, akasema sentensi moja, Muthoki akasimamisha ili wahakikishe.

Krrr, krrr, krrr.

Omolo alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akapiga magoti, akaanza kufungua soketi ya umeme. "Ni waya za hii nyumba," akanung'unika. "Lazima ni waya." Nabalayo akaanza kuokota mandazi. Mzee Ndete akavua tai yote, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni, na Muthoki akajua kwamba ikiingia mfukoni leo haitatoka tena.

Yeye alibaki amekaa na kamera mapajani. Visikizio vya Omolo vilikuwa vimening'inia hapo kwenye waya wake, na kwa sababu hakuwa na la kufanya, alivivaa juu ya kilemba.

Akashtuka. Sebule yake yote ilikuwa ndani ya kichwa chake. Alisikia bisibisi ya Omolo, ikiwa mbali. Alisikia Mzee anavuta pumzi. Na juu ya hayo yote alisikia mtu anatembea juu ya majani makavu ya mahindi, krrr, krrr, hapa hapa sikioni.

Akatulia. Yule mtu naye akatulia.

Akasogeza kidole gumba, kidogo tu, vile mtu anavyosogeza bila kufikiri. Krrr.

Akaondoa mkono kabisa. Kimya. Pumzi ya Mzee, bisibisi, unga unapangusika kwenye mikono ya Nabalayo. Akaugusa uzi juu ya jicho la kamera, hapo pana matundu madogo madogo chini yake, matundu ambayo alidhani ni urembo. Shanga zikacheza. Krrr, krrr, krrr.

Muthoki alikaa na jambo hilo peke yake kwa muda. Wiki nzima. Ukanda wa mpira, maziwa yaliyochacha, ng'ombe waliopoteza majina. Angeweza kuivua tu sweta kimya kimya, aseme hebu tujaribu mara moja ya mwisho, na Nabalayo angesema ni maombi. Wazo hilo lilipita, akalitazama likipita.

"Omolo," akasema, "toka kwenye ukuta wangu."

"Mama?"

"Njoo unionyeshe sikio la hii kitu liko wapi."

Omolo akaja, akafungua vifungo, akamwonyesha: hapa juu, hivi vitundu, hapa ndipo inasikia. Alipokuwa anaonyesha alinyamaza katikati. Akaitazama sweta. Akamtazama Muthoki. "Ayaya," akasema. "Na mimi kwangu naiona uchi kila siku."

"Nilikuwa naivua isichafuliwe na mikono yako," akasema Muthoki. "Nikirudi naivalisha. Nimeiziba sikio na uzi na shanga, halafu nikawa naikuna wiki nzima nikiuliza nani anaikuna."

Mzee Ndete akaanza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, koti likatikisika. "Mama Mwanzia! Si ilikuwa ya watu?"

"Wewe ndiye uliyeisifu!"

"Hata friji ulinifanya niione mchawi!"

"Friji ulisema wewe!"

Omolo, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa ameishaichukua kamera uchi vile ilivyo na kuisimamisha juu ya mkono wa kochi, taa yake nyekundu inawaka. Muthoki akaiona. Mzee hakuiona, alikuwa anafuta macho. Kama angemwambia sasa sema, maneno yangekauka tena, hilo alilijua. Basi akageuka yeye, akaitazama kamera katika jicho lake, akasema kwa sauti ya upole ambayo Mzee Ndete hakuwa ameisikia kwa miaka mingi:

"Hujambo, mume wangu."

Kicheko kikakatika. "Mume gani?"

"Siongei na wewe. Naongea na mume wangu mdogo, aliyeko Uingereza. Mume wangu, nasikia una meno mawili. Huyu wangu wa huku naye amebakiza kama hayo."

"Usimdanganye mtoto!" Mzee Ndete akajiinua, akasogea mbele kwenye kochi mpaka akajaa kwenye kamera. "Usimsikilize huyo mwanamke. Alinipata hivyo hivyo, kwa maneno. Sikiza mimi. Mimi ndiye mwenye hilo jina na nimekuja kukupa nusu. Limetoka kwa babu yangu, aliyekwenda Makindu na ng'ombe wakati wa kiangazi. Kulikuwa na Kitune, kulikuwa na Mbuni, na ile moja yenye pembe iliyovunjika, ilikuwa inaitwa nani, Mama Mwanzia?"

"Sikuwa nimezaliwa."

"Hata mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nilikuwa naikumbuka!" Akafikiri, akapunga mkono. "Hiyo utaikuta mbele. Walirudi wote. Kila mmoja. Na wewe utarudi." Akainua kidevu, akaita kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya shamba, kwa sauti ya dereva wa lori ambayo haijazeeka hata kidogo: "Ndete! We Ndete!"

Omolo akazima.

Walikaa kutazama, wote wanne, mandazi katikati. Picha ilikuwa imepinda kidogo, kwa sababu mkono wa kochi haujanyooka, na sikio moja la Mzee halikuingia. Lakini kila kitu kilisikika. Kilisikika kicheko, kilisikika kijiko. Mbali sana nyuma ilisikika dum dum dum.

"Posho mill!" Nabalayo akaruka. "Si niliwaambia iko!"

"Shh!"

Ng'ombe wakaenda Makindu, wakarudi. Mzee Ndete aliyeketi alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, anasikiliza kama anaambiwa jambo geni kwake. Kwenye televisheni yule mwingine akainua kidevu.

"Ndete! We Ndete!"

"Naam!" akajibu Mzee Ndete, na akawa ameshainuka nusu kwenye kochi, miguu yake mibovu na yote, akitazama mlangoni kuona ni nani anamwita.